Toleo la Kompyuta au la PlayStation? Kandanda ya Video Kisii na Nyamira

Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo vijana wa Kisii na Nyamira hulijibu kila wiki bila kuliandika popote: mchezo mmoja wa video unapotolewa kwa namna mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya mashine ya michezo kama vile PlayStation, ni toleo lipi linalofaa kununuliwa? Huenda msomaji akashangaa kulikuta swali hili katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Hata hivyo, mchezo wa video ni matini. Una maandishi, una sauti za watangazaji wanaosimulia, na huchezwa na watu wanaozungumza. Anayechagua mashine huwa anachagua pia atacheza na nani, mahali gani, na kwa lugha ipi.

Dai letu ni kwamba katika eneo hili uzuri wa picha, ambao ndio hupewa uzito na wachambuzi wa ng'ambo, ni hoja ndogo. Yanayoamua ni umeme, idadi ya watu walioizunguka skrini, kazi nyingine ambayo mashine hutarajiwa kufanya, na jambo la nne ambalo aghalabu husahaulika: ni nani aliye na uwezo wa kuufungua mchezo na kuubadilisha. Ili mjadala usitawanyike, tumejifunga kwa kandanda, yaani FIFA ya kampuni ya EA na Pro Evolution Soccer ya Konami, kwa kuwa ndiyo michezo iliyovijaza vibanda vya miji yetu. Majina yenyewe yamekwisha kubadilika. Konami iliacha jina la zamani mwaka 2021 na kuuita mchezo wake eFootball; EA nayo iliachana na shirikisho la FIFA, na tangu mwaka 2023 mchezo wake unaitwa EA Sports FC. Lakini ingia kibanda chochote cha Daraja Mbili au Keroka uulize kunachezwa nini, utajibiwa: FIFA.

Neno kuhusu istilahi

Darasani tulifundishwa kusema tarakilishi, na wapo waliofundishwa baobonye mahali pa kibodi. Hatuna ugomvi na maneno hayo, ila katika makala haya tunatumia kompyuta na kibodi kwa sababu ndiyo maneno ambayo mwenye kibanda na mteja wake huelewana kwayo. Kwa kile kifaa ambacho kazi yake kuu ni kuchezea, tunasema mashine ya michezo. Kinachoshikwa mkononi ni padi. Hatukuona haja ya kuunda jipya.

Jina moja, michezo kadhaa

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kudhani kwamba matoleo yenye jina moja na jalada moja ni mchezo mmoja. Mwanafunzi wa fasihi hapaswi kunaswa hapa. Anajua kwamba miswada ya utenzi kama Al-Inkishafi haikubaliani hata katika idadi ya beti, na kwamba anayesema amesoma utenzi huo anapaswa kuulizwa amesoma toleo la nani.

Mfano ulio wazi zaidi ni FIFA 14, iliyotolewa mwaka 2013. Chini ya jina hilo moja palikuwa na angalau michezo mitatu. Aliyeinunua kwa PlayStation 2 alipata mchezo wa zamani uliobadilishiwa orodha ya wachezaji na jezi. Aliyeinunua kwa PlayStation 3 au kwa kompyuta alipata mchezo wa kizazi kilichofuata. Aliyekuwa na PlayStation 4, mashine iliyotoka Novemba mwaka huohuo, alipata mchezo uliojengwa juu ya msingi mpya kabisa. Kompyuta, hata ile yenye nguvu kushinda mashine zote hizo, haikupewa msingi huo hadi FIFA 15.

Hali hiyo haikuwa ngeni. FIFA 10 ilipotoka mwaka 2009, wachezaji wa mashine za kizazi kipya cha wakati huo waliweza kukokota mpira kuelekea upande wowote, ilhali wa kompyuta walibaki na mchezo wa kale mpaka FIFA 11. Mwaka 2021 yakajirudia: FIFA 22 ya PlayStation 5 ilikuwa na miondoko mipya ya wachezaji iliyotokana na mechi halisi, nayo kompyuta ikapewa toleo linalolingana na la PlayStation 4. Usawa ulipatikana katika FIFA 23. Kwa hiyo, aliyeambiwa kwamba kompyuta daima huwa mbele kwa sababu ina nguvu zaidi alidanganywa, angalau katika kandanda. Nguvu ya mashine ni jambo moja, na uamuzi wa kampuni kuhusu nani apewe nini ni jambo jingine. Kampuni hutazama kompyuta za wateja wake wengi, ambazo ni dhaifu, na kuwapimia hao.

Kuna pia suala la mikono. Kibodi hutoa pande nane tu za kukimbilia, ilhali kifimbo cha padi hukubali pembe zote. Anayecheza kandanda kwa kibodi huzoea, na wapo mafundi wa kibodi ambao hutamani kukutana nao, lakini hakuna namna kibodi itakavyokuwa padi. Dawa yake ni rahisi: padi huunganishwa na kompyuta pia. Kwa hiyo bei ya toleo la kompyuta isihesabiwe bila bei ya padi mbili.

Umeme, radi na mizigo kutoka Minnesota

Nyanda za juu za Gusii zinafahamika kwa mvua nyingi na radi. Mwenye kibanda wa Nyamira, Kebirigo au Suneka hahitaji kuelezwa maana ya ngurumo ya saa tisa alasiri: huchomoa nyaya kwanza, kisha ndipo hujadiliana na wateja kuhusu mechi iliyokatizwa. Zaidi ya radi kuna kukatika kwa umeme kwa kawaida, na mara nyingine nchi nzima huingia gizani, kama ilivyotokea tarehe 25 Agosti 2023.

Hapa ndipo kompyuta ndogo ya mkononi inapopata ushindi wake wa wazi. Ina betri. Umeme ukipotea dakika ya themanini, mechi huendelea. PlayStation huzima papo hapo, na katika enzi za PlayStation 2, umeme kukatika wakati mchezo unahifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu kuliweza kuharibu ligi nzima iliyochezwa kwa miezi. Ukweli ni kwamba kompyuta ya mkononi inayocheza gemu nzito kwa betri hudumu muda mfupi na hupunguza kasi yake, lakini muda mfupi hutosha kumaliza mechi na kuhifadhi.

Suala la umeme lina upande mwingine ambao ni wa kwetu hasa. Jamii kubwa ya Abagusii inaishi Marekani, na jimbo la Minnesota ni miongoni mwa makao yao makuu huko. Mjomba anayerudi likizo huleta zawadi, na zawadi ya mpwa mara nyingi imekuwa mashine ya michezo. PlayStation 2 za mwanzo zilizouzwa Marekani ziliundwa kwa umeme wa volti 120. Kenya tunatumia volti 240. Aliyeichomeka ukutani bila kifaa cha kupunguza umeme aliisikia ikilia mara moja na kunyamaza. Vivyo hivyo kifaa cha umeme cha Xbox 360 ya Marekani. Hata pale umeme uliposhughulikiwa, palikuwa na kizuizi cha pili: mashine ya Marekani ilikataa diski zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, nazo hizo za Ulaya ndizo zinazofuata mfumo wa televisheni tulioutumia. Wengi walizipeleka mashine zao kwa fundi zikatiwa chipu ili zikubali kila diski, na chipu hiyohiyo ikafungua mlango wa diski zilizonakiliwa.

PlayStation 4 iliondoa vikwazo vyote viwili: hupokea umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240 na haibagui diski za michezo kwa bara. Kompyuta nyingi za mkononi hazikuwahi kuwa na tatizo hili tangu mwanzo, kwa sababu chaja zake hupokea umeme wa aina zote mbili. Anayemwagizia mjomba zawadi na azingatie hilo kabla ya kutaja jina la mashine.

Kibanda

Tukija kwa mwenye kibanda, hesabu yake ni ya biashara. Mteja hulipia mechi, na mara nyingi anayeshindwa ndiye anayelipa au anayempisha mwingine. Kila kipindi hupunguzwa hadi dakika chache. Kwa utaratibu huo, mashine inayofaa ni ile inayowaka haraka, isiyo na mambo mengi ya kubofya, ambayo mteja hawezi kuiharibu ila padi zake, na ambayo kila kijana aliyewahi kwenda kibanda kingine tayari anaijua. Ni mashine ya michezo, bila shaka. Hii ndiyo sababu PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, iliendelea kulisha familia katika miji yetu hata baada ya Sony kuacha kuitengeneza. FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014 zilikuwa miongoni mwa michezo ya mwisho kuundwa kwa ajili yake, na kwa miaka kadhaa baadaye hapakuwa na sababu ya kibiashara ya kuitupa.

Kompyuta katika kibanda ni mtihani. Itataka kusasishwa wakati wateja wamepanga foleni. Mteja mmoja ataufunga mchezo afungue muziki. Mwingine atachomeka kadi yake ya kumbukumbu yenye virusi. Saiba za Kisii zilizojaribu kuchanganya huduma za kuchapisha barua na michezo zinajua kelele za wachezaji huwafukuza wanaotafuta fomu.

Jambo la diski nalo si dogo. Diski ya PlayStation 4 inaweza kuuzwa tena, kuazimwa, au kubadilishwa na rafiki wa Nyansiongo kwa diski nyingine. Toleo la kompyuta siku hizi halina diski kabisa: hununuliwa kwa akaunti na kubaki humo, halirithiwi wala haliuzwi. Mnunuzi wa PlayStation 5 isiyo na tundu la diski ajue kwamba amejitia katika hali hiyohiyo.

Kompyuta ya mwanafunzi

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, au chuo kingine chochote, yuko katika hali tofauti na mwenye kibanda. Ana mashine moja tu anayoweza kuimudu, naye anahitaji kuiandikia tasnifu. Kwake PlayStation ni anasa ambayo haiandiki sura ya kwanza. Tungemshauri achague toleo la kompyuta bila kusita, kwa sharti moja: asilazimishe mchezo wa mwaka huu.

Tuangalie takwimu. EA Sports FC 24 ilitaka, kwa uchache, kumbukumbu ya gigabaiti 8, kadi ya michoro ya kujitegemea, na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Intaneti yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, ikifanya kazi bila kukatika, itachukua saa 22 hivi kupakua mchezo huo. Anayetumia bando za simu na apige hesabu yake mwenyewe, tena akiwa ameketi. Kwa upande mwingine, Pro Evolution Soccer 2013 iliridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 1, na kompyuta kuukuu za mkononi zinazouzwa mjini huicheza bila kulalamika. Hapa kompyuta ina sifa ambayo mashine za michezo hazina: michezo mingi ya zamani huendelea kuchezeka humo. PlayStation 5 husoma diski za PlayStation 4, lakini PlayStation 4 haisomi za 3 wala za 2. Kila inapokufa mashine, maktaba yake hufa nayo.

Fauka ya hayo, kucheza na wapinzani wa mbali kupitia PlayStation 4 au 5 hudai malipo ya uanachama juu ya bei ya mchezo, isipokuwa michezo ya bure kama eFootball. Kompyuta haidai malipo hayo.

Onyo letu ni kuhusu nakala za wizi. Mbali na kuwa zinakiuka Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, huwa zinamtaka mtumiaji azime kinga ya virusi ili zifanye kazi. Kwenye PlayStation iliyotiwa chipu, hasara ya diski mbovu ni diski yenyewe. Kwenye kompyuta ya mwanafunzi, tasnifu ya miaka miwili inakaa folda mbili tu kutoka hapo.

Lugha ya mchezo

Tumefika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. FIFA imekuwa ikiuzwa ikiwa na lugha nyingi za maandishi na utangazaji. Kiarabu kilipata watangazaji wake katika FIFA 12. Kiswahili, chenye wasemaji wengi mno katika nchi ambazo zinaishabikia kandanda kuliko kitu kingine, hakimo. Mtoto wa Ogembo anajifunza majina ya mbinu za mchezo kwa Kiingereza, na hukariri sauti ya mtangazaji wa Uingereza akimsifu kipa.

Hata hivyo, simama nyuma ya benchi katika kibanda cha Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti zetu mbili, usikilize. Sauti ya televisheni mara nyingi imepunguzwa. Wanaocheza wako kimya, lakini walio nyuma yao wanatangaza. Wenyeji kwa wenyeji huanza kwa Ekegusii. Akiingia kijana wa Sotik au wa Oyugis, lugha hugeuka mara moja, na kinachofuata ni Kiswahili cha uwanjani: chenga, kona, kuotea, mkwaju, kipa ameutema. Wapo wanaoiga lafudhi na madoido ya watangazaji wa redio ya taifa, wakiwamo wale ambao hawakuwahi kumsikia marehemu Leonard Mambo Mbotela akiwa kazini ila kwa kusimuliwa na baba zao. Utangazaji huo haumo katika diski. Umezalishwa na mashine ya michezo kwa njia moja tu: imewakusanya watu kumi mbele ya skrini moja. Toleo la kompyuta, analolicheza mtu mmoja chumbani akiwa amevaa vipokea sauti masikioni, haliwezi kuuzalisha.

Kwa kipimo hicho mashine ya michezo ndiyo inayokilea Kiswahili. Lakini mizani hugeuka tunapouliza nani anaweza kukitia Kiswahili ndani ya mchezo wenyewe. Mashine ya michezo ni sanduku lililofungwa na mtengenezaji wake. Kompyuta huonyesha mafaili. Nchini Iran, mashabiki hawakuingoja Konami: walitia utangazaji wa Kifarsi katika Pro Evolution Soccer ya kompyuta. Nchini Brazili, Bomba Patch iliwaletea wachezaji wa PlayStation 2 timu za nyumbani, na mtu anaweza kuutaja mfano huo kutupinga, kwa kuwa ni wa mashine ya michezo. Lakini kazi ile ya kubadilisha ilifanywa kwenye kompyuta, kisha ikachomwa kwenye diski kwa ajili ya mashine zilizotiwa chipu. Mlango ulikuwa ni kompyuta.

Timu ya Shabana, iliyorejea katika ligi kuu ya Kenya mwaka 2023 na ambayo mashabiki wake huijaza Gusii Stadium kwa kaulimbiu ya Tore Bobe, haimo katika FIFA wala EA Sports FC. Katika Pro Evolution Soccer inaweza kuundwa kwa mkono, hata kwenye mashine ya michezo, kwa kubadilisha majina na rangi za timu iliyopo. Lakini anayetaka mtangazaji alitaje jina lake, au anayetaka menyu isome Anza Mechi, Kikosi na Mapumziko, hana budi kuanzia kwenye kompyuta. Ujuzi si wa ajabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, nayo ilikuwa na maneno mengi kuliko menyu ya mchezo wa kandanda. Kilichohitajika kilikuwa ni watu wa lugha kukaa meza moja na watu wa kompyuta.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Anayefungua kibanda anunue mashine ya michezo, ya PlayStation 4 kwenda juu, pamoja na kifaa cha kuikinga na radi. Mwanafunzi abaki na kompyuta yake, atafute mchezo wa miaka ya nyuma unaoiweza, na padi mbili. Na chama cha Kiswahili, ambacho kina wanachama walio na kompyuta na wanaoshinda katika vibanda vya mjini kila Jumamosi, kinaweza kuanza kwa kazi ndogo ya muhula mmoja: kuandika maneno yote ambayo watangazaji wa nyuma ya benchi huyatumia, kuanzia Daraja Mbili hadi Nyamira mjini, na kuyapanga kando ya maneno yaliyo katika menyu. Kwa baadhi ya menyu hizo jibu tayari lipo. Kwa mfano, hatujakutana na kijana hata mmoja katika kaunti hizi mbili aliyetafuta neno la Kiswahili la kuotea akalikosa, ingawa tumekutana na wengi waliokataa kwamba wameotea.